Maisha ya Elijah McCoy, Fundi wa Mafuta ya Gari Moshi

Kila mwanafunzi wa fizikia hufika siku akaulizwa katika mtihani ataje faida za msuguano na madhara yake. Naye hujibu upesi, maana jibu limo daftarini: msuguano hutuwezesha kutembea bila kuteleza, huwasha kiberiti, husimamisha baisikeli breki zikibanwa, na kwa upande wa pili hula viatu na matairi, hutia mashine joto na kupoteza nguvu bure. Akiisha kuandika hayo hupewa alama zake, akasahau. Mimi nataka kuwapa habari za mtu mmoja ambaye hakuweza kusahau, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa kazi yake kwa zaidi ya miaka hamsini. Jina lake ni Elijah McCoy, mtu mweusi wa Amerika ya Kaskazini, naye alifariki mwaka 1929.

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1844 mahali paitwapo Colchester, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Ontario huko Kanada. Wazazi wake, George na Mildred, walikuwa watumwa katika Kentucky, kusini ya mto Ohio, nao walitoroka. Kanada wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza, na Waingereza walikuwa wamekwisha kufuta utumwa katika makoloni yao tangu mwaka 1834, kwa hiyo mtumwa aliyeuvuka mpaka salama alikuwa mtu huru. Walikuwako watu, weusi kwa weupe, waliowasaidia watoro hao kwa njia za siri, wakawaficha majumbani mchana na kuwaongoza usiku. Mpango huo wote uliitwa Reli ya Chini ya Ardhi, ingawa haukuwa na chuma wala behewa. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kidogo, maana wazazi walisafiri kwa reli isiyo na treni, na mtoto wao akaja kuwa mtu wa treni kweli kweli.

Tangu utoto Elijah alipenda vyombo vyenye kuzunguka na kusukumana, akivifungua na kuvifunga tena. Alipotimiza miaka kumi na mitano wazazi wake wakampeleka ng'ambo ya bahari, mji wa Edinburgh katika Scotland, ajifunze ufundi wa mitambo. Hebu fikirini jambo hilo. Watu ambao zamani walikuwa mali ya mtu mwingine, waliohesabiwa pamoja na ng'ombe na majembe, wanampeleka kijana wao Ulaya akasome kazi ambayo hata wazungu wengi hawakupata nafasi ya kuisoma. Huko Marekani milango ya ufundi ule ilikuwa migumu sana kwa kijana mweusi, na ndiyo sababu ya safari yote hiyo. Alikaa Scotland miaka kadhaa, akamaliza mafunzo yake, akapata cheti cha uhandisi wa mitambo.

Basi akarudi. Jamaa zake walikuwa wakikaa Ypsilanti, mji mdogo katika jimbo la Michigan, karibu na Detroit. Utumwa ulifutwa katika Marekani yote mwaka 1865, na mtu aweza kudhani kwamba mhandisi mwenye cheti cha Edinburgh angepokewa kwa mikono miwili, kwa kuwa wakati huo Wamarekani walikuwa wakijenga reli mbio mbio kila upande. Lakini sivyo. Kampuni ya reli ya Michigan Central haikuwa tayari kumpa mtu mweusi kazi ya mhandisi. Ikampa koleo na kopo la mafuta, yaani awe mchochea moto na mpaka mafuta. Akaipokea kazi hiyo.

Wengi wetu leo hatujapata kuona gari moshi la mvuke likifanya kazi, kwa hiyo yafaa nieleze. Mchochea moto hulisha tanuru kuni au makaa ya mawe ili maji ya boila yachemke. Mvuke huingia katika silinda ukaisukuma pistoni, pistoni ikasukuma vyuma virefu, na vyuma hivyo vikazungusha magurudumu. Kila mahali chuma kinapopita juu ya chuma pana msuguano. Hata chuma kilichosuguliwa mpaka kikang'aa kama kioo kina vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Vilima vya huku hukamatana na vilima vya kule, vikavunjana, na nguvu iliyotakiwa kuvuta mabehewa ikageuka kuwa joto. Ekseli ikikauka mafuta hutoa moshi, hushika moto, na mwisho yaweza kukatika, behewa likaanguka na watu ndani yake. Mafuta yakiingia kati, chuma hakigusi chuma tena. Kila kimoja huteleza juu ya utando wa mafuta.

Ndiyo maana treni za wakati ule zilisimama mara kwa mara, si kwa ajili ya abiria, bali kwa ajili ya mafuta. Mpaka mafuta alishuka na kopo lake lenye mdomo mrefu, akapita gurudumu kwa gurudumu, na abiria wakangoja. Silinda ilikuwa na taabu yake peke yake, maana ndani mna mvuke wenye nguvu unaokisukuma nje kila kinachotaka kuingia. Ilikuwa desturi mchochea moto angoje mpaka treni inateremka na mvuke umefungwa, ndipo atoke katika chumba cha dereva, atembee juu ya ubao mwembamba kando ya boila huku treni inakwenda, amimine mafuta ya wanyama yaliyoyeyushwa. Tazameni hapo. Uhai wake umo katika msuguano wa soli za viatu vyake juu ya ubao ule, na kazi aliyotumwa ni kwenda kuuondoa msuguano hatua chache mbele. Ubao ukilowa mvua, au mafuta yakidondoka mahali pasipo pake, mtu huyo amekwisha.

Sijui mahali pengine panapoonyesha jambo hili wazi kuliko gari moshi. Maana mashine ile ile iliyojaa mafuta ilichukua pia sanduku la mchanga. Gurudumu la treni ni chuma juu ya reli ya chuma, na kinachoisogeza treni mbele si mvuke peke yake bali ni kule kushikana kwa gurudumu na reli. Mafundi huhesabu kwamba nguvu ya kuvuta haiwezi kuzidi kama robo ya uzito unaokalia magurudumu ya kuvuta. Injini yenye tani 40 juu ya magurudumu hayo itavuta kwa nguvu ya tani 10 hivi, na hata ukiiongezea mvuke mara mbili haitavuta zaidi. Magurudumu yatazunguka pale pale kama ya lori katika tope. Reli ikiwa na maji au majani yaliyopondeka, ile robo hupungua sana. Ndipo dereva hufungua mchanga, ukashuka kwa bomba mpaka mbele ya magurudumu, gurudumu likauma tena.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyefanya kazi katika gari moshi za mvuke kabla hazijaachwa huku Afrika Mashariki, alinieleza kwamba asubuhi ya umande katika mlima mchanga ulikuwa kama dawa, na kwamba mtu aliyemwaga mafuta juu ya reli alitukanwa siku nzima. Hata zile Garratt kubwa za daraja la 59, zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa kila moja jina la mlima wa Afrika Mashariki, zenye uzito wa tani 250 hivi, hazikuweza kuupanda mlima kutoka Mombasa mpaka Nairobi bila kuutegemea mshiko huo. Moja yao, Mount Gelai, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, na mwenye nafasi na aende akaitazame.

Sasa tumrudie McCoy. Alikuwa akipaka mafuta mchana na usiku akifikiri. Wenzake waliuona msuguano kuwa adhabu ya kazi, kama vile jembe linavyomtoa mtu malengelenge. Yeye alikuwa amesoma, akauona kuwa hesabu ambayo haijafanywa. Treni inasimama kwa sababu mafuta hutiwa na mkono wa mtu. Je, mashine haiwezi kujitia mafuta yenyewe inapokwenda? Huko Ypsilanti akaanza kujaribu, na tarehe 23 Julai 1872 serikali ya Marekani ikampa hati ya uvumbuzi namba 129,843 kwa chombo cha kutia mafuta katika injini za mvuke.

Chombo chenyewe kilikuwa kikombe cha mafuta kilichofungwa juu ya silinda. Uzuri wake ni kwamba kilitumia mvuke wa injini ile ile. Mvuke ulipoingia ulifungua vali, mafuta yakashuka penye haja. Mvuke ulipofungwa, mafuta nayo yakazuiwa. Hapakuwa na haja ya mtu kutoka nje wala ya kusimamisha mashine. Injini ilipofanya kazi ilipata mafuta, na ilipopumzika haikuyapoteza. Sitasema kwamba yeye ndiye wa kwanza duniani kuliwaza jambo hili, kama wengine wanavyopenda kuandika. Huko Uingereza John Ramsbottom alikuwa na chombo chake cha kutia mafuta tangu mwaka 1860. Mtu mkubwa hahitaji kuongezewa chumvi. McCoy alikitengeneza chombo chake mwenyewe, akakirekebisha mwaka baada ya mwaka, kikatumika katika reli, katika meli na katika viwanda.

Inasemwa mara nyingi kwamba Wamarekani wana msemo wa kukiita kitu cha asili, kisicho cha bandia, kwa jina la McCoy, na kwamba msemo huo ulitokana na wenye reli waliovikataa vyombo vya kuiga wakitaka chake hasa. Ni hadithi nzuri, nami ningependa iwe kweli. Lakini Waskoti walikuwa na msemo karibu sawa na huo uliochapwa mwaka 1856, Elijah akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Kwa hiyo mimi namwachia msemo mwenye msemo, nashika hati.

Na hati ni nyingi. Alipata zaidi ya hamsini maishani mwake, karibu zote za mambo ya mafuta na mashine. Chache ni za nyumbani: mwaka 1874 alipewa hati ya meza ya kupigia pasi, na mwaka 1899 ya chombo cha kunyunyizia maji majani ya uani. Booker T. Washington alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuwa ndiye mtu mweusi aliyepata hati nyingi kupita wengine wote. Lakini msidhani alitajirika. Uvumbuzi bila mtaji ni kama shamba bila jembe. Hakuwa na fedha za kujenga kiwanda, akawa anauza haki zake, sehemu kwa sehemu, kwa watu wenye fedha, apate za kufanyia majaribio mengine. Kwa hiyo vyombo vingi alivyovibuni vilitoka bila jina lake juu yake.

Mwaka 1882 alihamia Detroit pamoja na mke wake wa pili, Mary. Wa kwanza, Ann Elizabeth, walioana mwaka 1868 naye alifariki baada ya miaka minne tu. Mary alikuwa mwanamke mwenye bidii katika mambo ya watu, naye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa nyumba ya kuwatunza wanawake weusi wazee katika mji ule. Detroit ndiko McCoy alikofanya kazi ya kuwashauri wenye mashine juu ya mafuta.

Kazi aliyoipenda kuliko zote aliifanya akiwa mzee. Mwanzoni mwa karne ya ishirini injini za reli zilianza kutumia mvuke uliopashwa moto mara ya pili, mkavu na mkali kuliko ule wa zamani. Injini hizo zilipunguza makaa na maji, lakini katika joto lile mafuta ya kawaida yaliungua yakashindwa kazi, na silinda zikaharibika. Hapo msuguano ulirudi kwa mlango mwingine. McCoy akatafuta kitu kisichoogopa moto, akachukua grafati, akaichanganya na mafuta. Shida ya grafati ni kwamba ni unga, na unga huziba matundu. Akatengeneza chombo kinachoipitisha bila kuziba, akapewa hati yake mwaka 1915, umri wake umepita miaka sabini.

Grafati hiyo kila mmoja wetu anayo katika sanduku lake la vitabu, maana ndiyo iliyomo ndani ya penseli, ikichanganywa na udongo. Imejengwa kwa tabaka nyembamba mno, moja juu ya nyingine, na tabaka hizo huteleza kwa wepesi sana. Unapoandika, karatasi huikwaruza penseli, tabaka zikabanduka na kubaki juu ya karatasi, ukapata herufi. Lau karatasi ingekuwa laini kama kioo hungeandika hata nukta moja. Basi kitu kile kile kinachoandika kwa sababu ya msuguano ndicho alichokitumia mzee yule kuuondoa msuguano. Nilipoelewa jambo hili niliitoa penseli yangu mfukoni nikaitazama kwa muda, jirani yangu akaniuliza kama ninaumwa.

Yapo maneno yanayosemwa mara nyingi watu wakieleza maisha ya namna hii, nami siyakubali. Husema kwamba kama McCoy angepewa kazi ya uhandisi tangu mwanzo asingevumbua kitu. Kwamba dhiki ndiyo iliyomnoa, kama kisu kinavyonolewa kwa jiwe. Ni kweli kwamba aliyajua mafuta kwa sababu aliyashika kwa mikono yake, na wahandisi waliokaa ofisini hawakutembea juu ya ubao ule. Lakini kisu hunolewa na mwenye kisu, anayejua ni kiasi gani, akaacha kikiisha kupata makali. Jiwe likiendelea, hula kisu chote. Kampuni ile haikuwa ikimnoa mtu. Ilimdharau, ikapoteza kazi ya mhandisi kamili kila siku aliyoshika koleo. Alivumbua juu ya dhiki ile, si kwa sababu yake. Na wako wangapi waliopewa koleo kama yeye, wenye akili kama zake, wakafa nalo mkononi? Hao hatuna majina yao. Mimi nina miaka kumi na tisa, na mwaka ujao nitakuwa natafuta kazi na cheti changu mkononi kama vijana wengine wa nchi hii, kwa hiyo mtanisamehe nikiwa mkali katika jambo hili.

Mwaka 1920, akiwa na miaka sabini na sita, ndipo alipopata kuanzisha kampuni iliyochukua jina lake huko Detroit, iuze vyombo vyake vya grafati. Miaka miwili baadaye yeye na Mary walipata ajali ya motokaa. Mary hakupona, na McCoy mwenyewe aliumia vibaya, na tangu hapo afya yake haikurudi kama zamani. Fedha zilikwisha, akili nazo zikachoka. Mwaka 1928 alipelekwa Eloise, hospitali ya serikali nje ya Detroit walikowekwa wazee na maskini wasio na mtu wa kuwatunza, na huko akafariki tarehe 10 Oktoba 1929, umri wake miaka themanini na mitano. Mke wake alisaidia kuanzisha nyumba ya wazee. Yeye uzee wake ulimpeleka kwa wageni.

Alizikwa katika makaburi ya Detroit Memorial Park, ambayo wafanyabiashara weusi waliyafungua mwaka 1925 kwa sababu watu weusi walikuwa wakinyimwa heshima hata mahali pa kuzikwa. Mwaka 2001 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani. Na mwaka 2012 serikali ya nchi ile ilifungua Detroit ofisi ya kupima uvumbuzi wa watu, ya kwanza nje ya makao yake makuu, ikaipa jina la Elijah J. McCoy. Hivyo ofisi ya hati ikachukua jina la yule mpaka mafuta.